Mafunjo ya Misri na Mafunjo ya Nakivale

Maji ya Mto Rwizi yapitayo Mbarara yana safari ndefu. Hulisha maziwa ya Mburo na Nakivale, kisha huingia katika Ziwa la Nyanza, na huko Jinja hutokea Mto Nili. Yale yasiyopotea njiani hufika Misri ya Chini, ambako mto hugawanyika kabla ya kuingia Bahari ya Mediterania.

Nchi hiyo ina umbo la pembetatu. Toka Kairo hata pwani ni kama kilometa 160. Watu wa kale waliuhesabia mto matawi saba. Leo yamebaki mawili, la Rashidi na la Dumyati. Udongo wake mweusi uliletwa zaidi na mafuriko ya Uhabeshi, na katika mabwawa yake yalistawi mafunjo.

Wamisri waliyafanya mafunjo kuwa alama ya Misri ya Chini. Walisokota kamba, wakasuka mikeka, wakaunda mitumbwi. Tena walichana moyo wa shina vipande vyembamba, wakavipanga kwa kupishana, wakavigandamiza na kuvikausha. Na zaidi ya miaka 4,500 iliyopita walikwisha kuandika juu yake. Hata baada ya Amr bin al-As kuingia Misri mwaka 639, Waislamu waliyaandikia muda wa karne tatu hivi. Neno letu karatasi latokana na qirtas, jina ambalo Waarabu waliyaita mafunjo yaliyotengenezwa hivyo.

Lakini karatasi ya matambara ilipoenea, mafunjo hayakuwa na mtunzaji. Mabwawa yakageuzwa mashamba, na mmea ule uliokuwa alama ya nchi nusura utoweke kabisa katika Misri.

Sisi tungali nao. Wakaaji wa Nakivale, wenyeji na wakimbizi waliopokewa huko tangu mwaka 1958, wanauona kando ya ziwa. Mafunjo huchuja tope na kuyashika maji. Yang'olewapo ili watu walime bwawani, tope huteremka na mto hupungua. Na watu wa Mbarara, wanywao maji ya Rwizi, wameuona mto wao ukishuka sana wakati wa kiangazi.

Basi tujifunze kwa yaliyoipata Misri. Akataye shina akauacha mzizi atarudi kukata tena. Ang'oaye mzizi atavuna misimu michache, kisha yeye na jirani yake aliye chini ya mto watatafuta maji.