Uwanja wa Soko Kuu la Kraków

Katika mji wa Kraków, nchini Poland, pana uwanja wa mraba ambao kila ubavu wake unakaribia mita 200, na mtu auingiaye kwa mara ya kwanza aghalabu huyainua macho yake kuutazama mnara wa kanisa la Bikira Maria na matao ya Sukiennice, jengo la wauza vitambaa, akadhani ya kuwa fahari ile yote ni atia ya wafalme waliokaa kilima cha Wawel. Dhana hiyo si batili moja kwa moja. Lakini asili ya uwanja ni hati ya biashara, na kwa karne nyingi mizani ndiyo iliyokuwa na sauti humo.

Mwaka 1241 Watatari walitoka mashariki wakauteketeza mji, na wakazi wake wengi wakauawa au wakatawanyika. Tarehe 5 Juni 1257 mtawala Bolesław, aliyelakabiwa Mwenye Haya, akatoa hati ya kuuanzisha upya kwa sharia ya Magdeburg, mji wa Ujerumani ambao kanuni zake za uraia, mahakama na masoko zilifuatwa na miji mingi ya Ulaya ya kati. Wakaletwa walowezi kutoka Silesia, wengi wao wakisema Kijerumani. Njia zikanyoshwa, na katikati pakaachwa uwanda mpana kupita haja ya watu wa siku zile, kwa kuwa waliopima walikuwa wakiwatazamia wateja ambao bado hawajafika. Katika hati hiyo hiyo mtawala aliahidi kujenga maduka ya vitambaa, naye hakuyaahidi kwa ukarimu mtupu, bali kwa kuwa ushuru wake ungeingia hazina.

Walakini wapimaji hao hawakuikuta ardhi tupu. Kanisa dogo la Mtakatifu Wojciech lilikwisha kuwapo tangu kabla ya hati, nalo limekaa upande wa kusini bila kuufuata mstari wowote wa uwanja, mfano wa mzee aliyeketi barazani kabla ya mkeka kutandikwa. Kanisa la Bikira Maria nalo limeegemea upande, na njia ya Grodzka, iendayo Wawel, hutoka pembeni kwa mshazari. Kwa karne kadha wa kadha takataka, vifusi na sakafu mpya juu ya zile kuukuu ziliinua ardhi yote, hata leo sakafu ya kale ya Wojciech iko zaidi ya mita 2 chini ya mawe yakanyagwayo na wapita njia.

Utajiri wenyewe ulikuja kwa sharia kali. Mwaka 1306 mtawala Władysław Łokietek aliupa mji haki ya kuwazuia wasafiri: tajiri mgeni apitaye na shehena hakuwa na ruhusa ya kuendelea na safari mpaka ameishusha na kuwauzia kwanza raia wa Kraków, na wafanyabiashara wa Toruń, waliotaka kuifuata wenyewe shaba ya Hungaria, walilalamika sana kwa kufungiwa njia. Shaba hiyo, risasi ya Olkusz, chumvi ya Wieliczka na vitambaa vya Flanders vyote vilipita hapa, na lisilopimwa halikuuzwa kwa halali. Palikuwa na nyumba mbili za mizani, kubwa kwa madini mazito na ndogo kwa vitu kama nta, na ada ya kupimia iliingia katika mfuko wa mji.

Wafalme walikuja kwa kuwa watu walikuwapo. Tarehe 10 Aprili 1525 mtawala Albrecht wa Hohenzollern alipiga magoti hapa mbele ya Mfalme Zygmunt, akala kiapo cha utii kwake kwa ajili ya Prussia. Na picha kubwa ya tukio hilo, kazi ya Jan Matejko, leo imetundikwa katika orofa ya Sukiennice, juu ya vibanda vya wachuuzi. Kuna pia hekaya ya mpiga tarumbeta wa mnarani, ambaye wimbo wake hukatika ghafla kila saa, eti kwa kumbukumbu ya mlinzi aliyepigwa mshale na Watatari. Hekaya tamu, ila kanisa lililopo lilijengwa baada ya vita hivyo, na habari hiyo ilienezwa na vitabu vya karne ya 20.

Makao ya mfalme yalipohamia Warszawa, soko lilififia. Mwaka 1820 nyumba ya baraza la mji ilibomolewa, ukasalia mnara peke yake, na katika karne hiyo hiyo nyumba za mizani nazo zikaondolewa ili uwanja upate kupendeza. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uharibifu mkubwa kupita ule wa Wanazi, ambao walilibadilisha jina la uwanja wakalivunja sanamu la mshairi Mickiewicz mwaka 1940, kwani jina lilirudishwa na sanamu likasimamishwa tena mwaka 1955, ilhali mizani haikurudi. Wachimbaji walioifukua ardhi hiyo kabla ya makumbusho ya chini kufunguliwa mwaka 2010 walikuta humo misingi ya nyumba hizo na bonge moja la risasi, uzito wake kilo 693.