Kiwanja cha Wembley na Farasi Mweupe

Wasikilizaji wetu, kwa nini tiketi za mchezo mkubwa wa mpira huuzwa kabla ya siku yenyewe? Jawabu twalipata London, katika kiwanja cha Wembley, kilichojengwa kwa muda wa siku 300 tu.

Kilifunguliwa tarehe 28 Aprili 1923 kwa fainali ya Kombe la FA, baina ya Bolton Wanderers na West Ham United. Nafasi yake ilikuwa ya watu yapata 127,000. Wasimamizi walidhani hakitajaa, basi wakapokea fedha milangoni. Wakaja watu waliokisiwa kupita 200,000! Kuta zikarukwa, hata nyasi zisionekane kwa wingi wa watu. Ndipo askari George Scorey, juu ya farasi wake Billy, akausogeza umati kwa upole mpaka kwenye mistari. Mchezo ukachelewa robo tatu za saa. Bolton wakashinda 2-0.

Wengi waliumia, ila hakufa mtu. Tangu 1924 fainali hiyo ikawa ya tiketi za mapema. Kiwanja kile kilimalizika kubomolewa mwaka 2003, na kipya kikafunguliwa 2007. Ukuta ulikwenda, utaratibu ukabaki. Nao ndio uwalindao watu.