Mgeni wa Siku Kumi

Kila mwaka kati ya Juni na Agosti, ukiwa pale JKIA kungoja mtu wako, utawaona. Vijana ishirini hivi, tisheti za rangi moja, mstari wa Biblia mgongoni, masanduku yamejaa kalamu, peremende na mipira. Nje kuna basi linawangoja. Wataenda kijijini, watapaka darasa rangi, watacheza na watoto, wataombea wagonjwa, na baada ya siku kumi watakuwa kwenye ndege wakirudi kwao. Safari hiyo wanaiita misheni.

Sisi wa mjini tunapenda kuwacheka. Mwaka wa 2016 kulikuwa na ukurasa wa Instagram ulioitwa Barbie Savior, mwanasesere wa kizungu akipiga picha na watoto wa Afrika kana kwamba yeye ndiye jua linalowachomozea. Tulishea hadi tukachoka. Lakini kabla hujacheka sana, kumbuka CU ya chuo chako nayo ilikuwa na misheni. Basi la chuo, godoro sakafuni mwa bweni la sekondari, nyumba kwa nyumba asubuhi, filamu ya Yesu jioni, wiki moja imeisha, kwaherini. Na kuna makanisa mengi ya Nairobi yenye safari ya Turkana au Pokot kila mwaka. Kwa hivyo hili swali si la wazungu peke yao.

Wahenga walilitazama jambo hili kitambo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huisema methali hii kama onyo kwa mgeni mvivu. Mimi naisoma pia kama haki ya mwenyeji. Jembe ni la mwenyeji, shamba ni la mwenyeji, na ni yeye anayeamua mgeni atalima wapi. Ukiifuata historia ya misheni hapa kwetu kwa jicho hilo, utaona kitu ambacho idadi ya siku peke yake haikuonyeshi.

Tuanze Mombasa, 1844. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, alikuja na mkewe Rosine, ambaye alikuwa mjamzito. Julai homa ikawashika. Rosine akajifungua mtoto wa kike, na kabla ya mwezi kuisha mama na mtoto wote walikuwa wamezikwa. Kaburi bado liko upande wa Nyali. Mwaka wa 1846 Johannes Rebmann akaja, na wawili hao wakafungua kituo Rabai, kwa Wamijikenda. Krapf aliondoka 1853 afya ikiwa imemshinda. Rebmann alibaki hadi 1875. Miaka 29, bila kukanyaga Ulaya hata mara moja, na alipopanda meli kurudi macho yalikuwa karibu yamezimika.

Sisemi haya ili tuwapigie makofi. Kwa hesabu za wakubwa wao kule London, walivuna kidogo sana. Mmoja wa wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, maskini mwenye ulemavu, na alibatizwa akikaribia kufa. Lakini kukaa muda mrefu kuliwafanyia jambo moja: kuliwalazimisha kuwategemea wenyeji. Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mwaka ule wa 1844, msaidizi wake alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Hebu fikiria hapo. Padri Mjerumani na kadhi Mwislamu wameinama juu ya karatasi moja, na anayejua Kiswahili ni kadhi. Rebmann naye, aliyekuwa Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameiona theluji ya Kilimanjaro mwaka wa 1848, hakuifikia kwa miujiza. Aliongozwa na Bwana Kheri, mtu wa misafara aliyeijua njia.

Kisha kuna wale walioitwa Waafrika wa Bombay. Hawa walikuwa Waafrika waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, wakapelekwa India wakasomeshwa huko, halafu wakaletwa Mombasa kufanya kazi ya misheni. Mmoja wao ni William Jones. Ni yeye aliyekuwa akiiendesha Rabai wakati watumwa waliotoroka mabwana wao walikuwa wakikimbilia pale kujificha. Mwaka wa 1888 wenye watumwa walikuja juu, na ikabidi kampuni ya Waingereza iwalipe fidia ili watu zaidi ya 1,400 waachwe huru. Zaidi ya watu elfu moja! Sasa jiulize umesikia jina la Jones mara ngapi shuleni, halafu ulinganishe na jina la Krapf.

Hata hivyo, kukaa sana hakumfanyi mtu kuwa mwema. Mgeni akizoea, anaweza kuanza kujiona ndiye mwenye boma. Kufikia miaka ya 1920 misheni zilikuwa na ardhi, shule, hospitali na sikio la serikali ya kikoloni. Wagikuyu wakatunga msemo wao: gũtirĩ mũthũngũ na mũbĩa, yaani hakuna tofauti kati ya mzungu mlowezi na padri. Mwaka wa 1929 misheni kadhaa za Kikuyu ziliwataka waumini wakane tohara ya wasichana, na mara nyingi pia wakikane chama cha siasa cha KCA. Asiyekubali, atoke kanisani, na watoto wake watoke shuleni. Desturi yenyewe leo ni haramu kwa sheria ya 2011, na ni vyema iwe hivyo, kwa sababu waliobeba maumivu yake ni wasichana. Lakini ugomvi wa mwaka ule ulikuwa pia juu ya nani ana amri juu ya watoto wa nani, na maelfu walihama.

Walipohama walifanya nini? Walijenga. Hapa ndipo natamani kila kijana mwenye ndoo ya rangi asimame kidogo. Watu wale wale ambao leo wangeitwa kijiji maskini walianzisha shule zao, za KISA na za Karing'a, kwa kuchanga senti na mbuzi na kubeba mawe. Mwaka wa 1939 wakafungua chuo cha walimu Githunguri, chini ya Mbiyu Koinange, na marika yakashindana nani atachanga zaidi. Serikali ya kikoloni ilizifunga taasisi hizo 1952, wakati wa Hali ya Hatari. Baada ya uhuru, moyo ule ule ukaitwa Harambee, na shule nyingi ambazo wazazi wetu walisomea zilisimama hivyo. Kwa hivyo mtu akikwambia kwamba kijiji fulani hakikuwa na darasa mpaka wageni walipokuja, muulize kwanza nani alijenga lile la zamani ambalo limepasuka ukuta.

Na je, safari fupi yenyewe ni dhambi? La. Tunayo safari fupi ya Kiafrika ya kujivunia. Mwaka wa 1937 timu ya Uamsho kutoka Rwanda na Uganda ilifika Kabete. Walikuja kwa siku chache tu, kisha wakaenda zao. Hawakuja na saruji. Walikuja wakakiri dhambi zao wenyewe hadharani, kabla ya kumwambia mtu yeyote atubu. Walilala, wakala na wakaimba na wenyeji. Walipoondoka, watu wa Kabete waliendelea kukutana wenyewe kila wiki, Mwafrika kwa Mwafrika, na wamishenari waliotaka kuingia katika ushirika ule iliwabidi nao wakiri mbele ya Waafrika. Safari ya siku chache ikazaa kitu kilichoishi miongo mingi. Siri haikuwa urefu wa ziara. Kazi iliyobaki ilikuwa mikononi mwa wenyeji tangu siku ya kwanza.

Basi misheni ya siku kumi tunayoiona leo ilitoka wapi? Ilitoka kwa ndege, kwa sehemu kubwa. Zamani safari ya meli kutoka Ulaya ilikula wiki kadhaa, kwa hivyo hakuna mtu angekuja kwa likizo. Mwaka wa 1957 mwanafunzi Mmarekani, George Verwer, na wenzake wawili walitumia likizo yao kugawa vitabu vya Injili Meksiko. Kutoka hapo likakua shirika la Operation Mobilisation. Mwaka wa 1960 Loren Cunningham akaanzisha Youth With A Mission. Kwetu, uwanja wa Embakasi ulifunguliwa 1958. Likizo, ndege na Injili vikakutana. Kufikia miaka ya 2000, mwanasosholojia Robert Wuthnow alikadiria kwamba Wamarekani wapatao milioni 1.6 walikuwa wakisafiri nje kila mwaka kwa misheni za muda mfupi.

Katikati ya hayo, Mkenya mmoja alisema kitu ambacho bado kinawasha masikio. Mwaka wa 1971, Mchungaji John Gatu, aliyekuwa katibu mkuu wa PCEA, alisimama mbele ya Wakristo wa Marekani mjini Milwaukee akawaomba waache kutuma wamishenari na pesa kwa muda usiopungua miaka mitano. Hakuwa na chuki. Alitaka kanisa la Afrika lijue kama lina miguu. Mkutano wa makanisa ya Afrika yote Lusaka, 1974, ukaunga mkono wazo hilo. Kelele ilikuwa kubwa, huku na huko, maana mishahara na miradi mingi ilitegemea pesa hizo. PCEA ikashika neno Jitegemea na kulifanya wito wake.

Lakini tazama mzaha wa historia. Gatu alikuwa akiwaambia watu wanaokaa miaka mingi, wenye ofisi na anwani, watu ambao kamati ya kanisa ingeweza kuwaita na kuwahoji. Mgeni wa siku kumi huwezi kumsimamisha kwa azimio la Lusaka. Kabla hujapata nafasi ya kumuuliza, ameshaondoka, na mwaka ujao anakuja mwingine mwenye tisheti mpya.

Tuende mbali kidogo, Honduras, kwa sababu huko mtu alikaa chini akapiga hesabu. Baada ya kimbunga Mitch mwaka wa 1998, vikundi vya makanisa ya Amerika Kaskazini vilimiminika kujenga nyumba. Kurt Ver Beek, mhadhiri Mkristo aliyeishi Honduras miaka mingi, alifuatilia. Nyumba moja iligharimu takriban dola 2,000. Kikundi kimoja kilitumia takriban dola 30,000, nauli na yote, kuja kuijenga. Aliwalinganisha waliojengewa na wageni na waliojengewa na mafundi wa Honduras, na hakuona tofauti ya maana katika maisha yao. Aliwauliza pia wasafiri kama walirudi kwao wakawa watoaji na waombaji zaidi. Kwa wengi mabadiliko yalikuwa madogo sana. Sasa fikiria fundi wa mawe wa kijiji kile, asiye na kazi, amekaa kivulini akimtazama mwanafunzi wa chuo akipanga matofali vibaya kwa upendo mwingi.

Hapa Kenya gharama nyingine inabebwa na watoto. Makao ya watoto yaliongezeka, na wageni wengi walipenda kuyatembelea kwa sababu mtoto hukukumbatia papo hapo. Wengi wa watoto hao wana mzazi au jamaa aliye hai. Umaskini ndio uliowafikisha pale. Mtoto anampenda Sarah wa Julai, Sarah anaondoka, anakuja Emily wa Agosti, naye anaondoka. Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya, na mkakati wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto katika familia. Pesa za nauli ya watu ishirini zingelipa karo ya watoto wangapi wakiwa kwao, na shangazi yao?

Sasa turudi kwetu, maana mwaka huu pia kuna basi litatoka Nairobi likiwa limejaa vijana wazuri wenye nia safi. Nisingewaambia wasiende. Kuna wazee ambao kutembelewa kwao ni furaha ya kweli, na kuna kijana wa mjini ambaye hajawahi kulala mahali pasipo na stima, na safari hiyo itamfungua macho. Hilo likubaliwe wazi: ni masomo yake, na kijiji ndicho mwalimu. Mwalimu hulipwa.

Kuna maswali yanayofaa kujibiwa kabla dereva hajawasha injini. Nani hasa pale kijijini alituita, na alisema anataka nini kabla hatujamwambia tunacho nini? Kazi tunayoenda kufanya, kuna fundi wa pale anayeweza kuifanya kwa ujira? Mchungaji wa pale, mwenye baiskeli moja na makanisa manne, amesoma ratiba yetu au tutamkabidhi akiwa ameshapanga viti? Tukiondoka, ufunguo wa hilo darasa unabaki kwa nani, na nani atanunua rangi miaka mitatu ijayo? Na akisema mwaka huu msije, mtume tu karo, je, tutatuma?

Swali hilo la mwisho ndilo zito. Gatu aliliuliza mwaka wa 1971, na wengi waliona ni utovu wa shukrani. Ukilijibu kwa ukweli, utajua kama unaenda kwa sababu ya kijiji au kwa sababu ya safari.