Ushuru wa Mlangoni mwa Madini

Katika redio za zamani zilikuwamo taa ndogo za kioo, na ndani ya kila taa uzi wa madini uliotiwa moto kwa umeme. Leo twataka kueleza jinsi wataalamu walivyotambua kwamba kazi ya uzi ule ilitegemea ngozi yake kuliko mwili wake.

Ndani ya madini yote zimo elektroni, chembe ndogo mno za umeme, zikienda huko na huko kama watu sokoni. Lakini hakuna itokayo bure. Mlangoni hutozwa ushuru wa nguvu, na moto ndio uzipao nguvu ya kuulipa. Mwaka 1901 Owen Richardson, wa Cambridge katika Uingereza, alitoa kanuni ya jambo hili: ushuru ukipungua kidogo tu, elektroni zitokazo huongezeka mara nyingi sana.

Wengine hawakusadiki. Walisema kuwa elektroni hizo si za madini, bali zazaliwa na hewa iliyosalia katika taa ikikutana na uzi wa moto. Shaka yao ilikuwa na sababu, maana nyuzi zilizofanana zilitoa umeme usiolingana. Lau wangalishinda, kanuni ya Richardson ingalianguka.

Mwaka 1913 Irving Langmuir, wa kampuni ya General Electric mjini Schenectady, Marekani, aliwasha uzi wa tangsteni mahali palipotolewa hewa karibu yote. Elektroni zikazidi kutoka. Mwaka huo huo Richardson alizipima, akaona ni nyingi mno kuliko hewa ile kidogo iwezavyo kutoa. Basi zilikuwa za madini yenyewe.

Kisha Langmuir aliona ajabu. Katika tangsteni iliyochanganywa thoriamu kidogo, atomi za thoriamu hupanda hata juu, zikatanda kwa unene wa atomi moja tu. Ushuru wa tangsteni tupu ni elektroni-volti 4.5 hivi; chini ya utando huo hushuka hata 2.6 hivi. Sesiamu huushusha hata chini ya 2. Oksijeni huupandisha.

Sababu ni hii: sesiamu huyaachia madini elektroni yake, ikabaki chanya upande wa nje, na chanya huzivuta elektroni zitoke. Oksijeni hunyakua elektroni, ikawa hasi, ikazirudisha nyuma.

Hivyo wale wenye shaka walishika nusu ya kweli: hewa haikuzaa elektroni, bali ilibadili ushuru wake. Tangsteni tupu ilitaka joto la digrii 2,200 hivi za Centigrade. Yenye thoriamu ilitosheka na 1,700 hivi, umeme ukatumika kidogo. Na ule weupe kama fedha uonekanao ndani ya kioo cha taa kuukuu ni madini yaliyowekwa kunyonya hewa iliyosalia, isije ikauharibu utando ule wa atomi moja.