Gasketi ya silinda hedi katika magari ya kale

Gasketi ya silinda hedi ni kipande chembamba cha kuzibia kinachokaa kati ya bloku ya injini na silinda hedi. Kazi yake ni kuzuia vitu vitatu visivuje wala kuchanganyika: gesi ya mwako iliyo ndani ya silinda, maji ya kupozea na oili. Katika magari ya kale yanayopozwa kwa maji, maisha ya gasketi hutegemea sana joto la injini. Injini ikichemsha hata mara moja, gasketi iliyodumu miaka mingi inaweza kuungua na silinda hedi yenyewe kupinda. Hata hivyo geji ya joto iliyo kwenye dashibodi haionyeshi hatari zote.

Muundo

Gasketi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto iliyofunikwa kwa mabati membamba ya shaba au chuma, pamoja na pete za chuma kuzunguka matundu ya silinda. Vumbi la asbesto husababisha saratani, kwa hiyo mabaki ya gasketi ya aina hiyo hayapaswi kusuguliwa yakiwa makavu. Gasketi za siku hizi hutengenezwa kwa nyuzi nyingine zisizo na asbesto, au kwa matabaka kadhaa ya chuma.

Sababu za kuharibika

Metali hutanuka ikipata joto, lakini si zote kwa kiwango kimoja. Alumini hutanuka takriban mara mbili ya chuma cha kusubu. Silinda hedi ya alumini yenye urefu wa sentimita 50 ikipanda kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 100 za Selsiasi huongezeka takriban milimita 0.9, huku bloku ya chuma iliyo chini yake ikiongezeka takriban nusu ya hapo. Gasketi iliyobanwa katikati husuguliwa kila injini inapopata moto na kupoa. Joto likizidi mno, hedi hupinda, mkazo wa bolti hauwi sawa tena, na gesi ya mwako hupata upenyo.

Sababu nyingine ni maji ya kupozea yaliyochakaa ambayo hula metali, rejeta iliyoziba, mkanda wa feni uliolegea, themostati iliyokwama ikiwa imefunga, na bolti ambazo hazikukazwa kwa kipimo.

Kofia ya rejeta pia ina kazi kubwa. Usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100. Katika mji wa Nairobi, ulio kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, maji huchemka kwa takriban nyuzi 94. Kofia inayozuia shinikizo la bar 1 hupandisha kiwango cha kuchemka usawa wa bahari hadi karibu nyuzi 120. Kofia iliyochoka huondoa kinga hiyo bila dereva kujua.

Upimaji wa joto

Katika miaka ya 1910 na 1920 magari mengi yalifungwa kipimajoto cha Boyce MotoMeter juu ya kofia ya rejeta, mbele ya macho ya dereva. Kilipima joto la mvuke uliokuwa juu ya maji. Baadaye zilikuja geji za dashibodi. Aina moja hutumia bomba jembamba lenye kimiminika kinachogeuka mvuke na kusukuma mshale; nyingine hutumia umeme na sensa iliyozama katika njia ya maji.

Geji hizi zote hupima joto la maji, si la metali. Maji yakivuja hadi sensa ikabaki hewani, mshale unaweza kubaki katikati au hata kushuka wakati hedi inazidi kuungua. Mshale unaoshuka ghafla bila sababu ni ishara ya hatari sawa na ule unaopanda. Ndiyo maana baadhi ya wamiliki wa magari ya kale huongeza sensa inayofungwa kwenye metali ya hedi, pamoja na kengele inayolia maji yanapopungua.

Mfano wa Triumph Stag

Triumph Stag ilitengenezwa Uingereza kuanzia 1970 hadi 1977, ikiwa na injini ya V8 ya lita 3 yenye bloku ya chuma na hedi za alumini. Gari hili lilipata sifa mbaya ya kuchemsha na kuunguza gasketi. Pampu yake ya maji iko juu, kati ya safu mbili za silinda, hivyo maji yakipungua kidogo tu pampu huanza kuvuta hewa. Baadhi ya wamiliki waliiondoa injini hiyo na kufunga ya Rover. Wengine waliibakiza, wakasafisha njia za maji na kuboresha rejeta.

Dalili na matengenezo

Dalili za gasketi iliyoungua ni hizi:
- maji kupungua bila kuonekana yanapovujia;
- mapovu ndani ya rejeta injini ikiwa inanguruma;
- moshi mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto;
- oili yenye rangi ya maziwa;
- injini kukosa nguvu kwa sababu mgandamizo wa silinda umepungua.

Gari likichemsha, dereva husimama, huzima injini na kuiacha ipoe. Kofia ya rejeta haifunguliwi ikiwa ya moto, kwa kuwa maji na mvuke huruka na kuunguza mtu vibaya. Maji baridi hayamiminwi kwenye injini ya moto, maana hedi au bloku inaweza kupasuka.

Kubadilisha gasketi pekee hakutoshi. Hedi hupimwa kama imenyooka na husawazishwa kwa mashine ikiwa imepinda. Bolti hukazwa kwa hatua kadhaa kwa mpangilio wa mtengenezaji, ambao kwa kawaida huanzia katikati kwenda pembeni. Gasketi nyingi za zamani huhitaji bolti kukazwa tena baada ya gari kutembea kilomita mia kadhaa. Chanzo cha kuchemsha kisipoondolewa, gasketi mpya huungua kama ile ya kwanza.