Ukuta, Mawe na Waya: Muziki wa Nyumbani Songo Songo na Pwani ya Kilwa

Katika nyumba ya udongo ya pwani ya Kilwa, iliyojengwa kwa boriti na fito za mikoko na kuezekwa makuti, kuta zinazotenga vyumba kwa kawaida hazifiki paani, bali huishia chini yake ili hewa ipite juu. Na panapopita hewa, sauti nayo hupita. Kwa hiyo suala la kusikiliza muziki katika vyumba kadhaa kwa wakati mmoja, ambalo kwingineko limekuwa kazi ya mafundi umeme, huku lilikwisha kutatuliwa na wajenzi kabla ya chombo chochote cha kupaza sauti kufika. Chombo kimoja kilichowekwa ukumbini, yaani kwenye njia ya katikati inayotoka mlango wa mbele hadi uani, kilisikika vyumbani, jikoni na hata barazani kwa wapita njia.

Chombo cha kwanza kilikuwa gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono, ambayo haikuhitaji umeme, na santuri alizorekodi mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad huko Bombay kuanzia mwaka 1928 ndizo zilizoipa pwani sababu ya kuitamani. Redio ilifuata baada ya Sauti ya Dar es Salaam kuanza kutangaza mwaka 1951, lakini ilienea hasa transista ilipopatikana, yaani kipande kidogo kilichobuniwa Marekani mwaka 1947 na kuchukua nafasi ya valvu za kioo zilizokula umeme mwingi. Redio ya transista iliendeshwa kwa betri kavu, maarufu kama mawe, na kwa kuwa mawe yalikuwa ghali, yaliyochoka yakaanikwa juani yapate uhai wa siku chache zaidi, nyumba kuwa na redio mbili ulikuwa ufahari usio na faida. Isitoshe, hadi miaka ya 1990 utangazaji wa Bara ulikuwa mikononi mwa redio ya taifa peke yake, hivyo redio ya pili mara nyingi ingerudia tu maneno ya ile ya kwanza.

Afrika Magharibi ilipita njia nyingine: Freetown mwaka 1934 na Accra mwaka 1935, matangazo yalipelekwa kwa waya kutoka kituo kimoja hadi kwenye visanduku vya spika majumbani, na msikilizaji hakuwa na uchaguzi ila kufungua au kufunga. Pwani ya Kilwa haikuujua utaratibu huo, wala haikupungukiwa na kitu.

Lililobadili mambo Songo Songo, kisiwa kilicho mbele ya pwani ya Kilwa, ni gesi asilia, iliyogunduliwa hapo mwaka 1974 na kampuni ya AGIP, ikakaa ardhini miaka thelathini, hadi mwaka 2004 ilipoanza kusafirishwa kwa bomba la kilomita 25 chini ya bahari na 207 nchi kavu kwenda kuzalisha umeme Ubungo, Dar es Salaam. Umeme wa gesi hiyo ulipofika nao kijijini kisiwani, hesabu ya mawe ikaisha, na sabufa, yaani seti yenye boksi kubwa la besi na spika ndogo kadhaa, ikawa fanicha ya sebuleni. Spika zake ndogo huweza kupelekwa chumba kingine kwa waya uliopitishwa juu ya ukuta, ingawa anayeongeza spika hana budi kujua hesabu ya omu, kipimo cha ukinzani wa umeme: mbili za omu nane zikiunganishwa sambamba hubaki omu nne, nne zikiunganishwa hivyo hubaki omu mbili, na amplifaya isiyotengenezewa mzigo huo huweza kuungua. Hewa ya chumvi nayo huushambulia waya wa shaba palipo na viungio, ukaota kutu ya kijani na sauti ikaanza kukatikakatika.

Hata hivyo umeme usingetosha kuleta spika kila chumba kama nyumba zenyewe zisingebadilika. Tofali za saruji, bati na silingi bodi vimeziba ule uwazi wa juu, chumba kikawa sanduku, na bluetuthi, mawimbi ya redio ya masafa mafupi yanayounganisha simu na spika bila waya, hudhoofika vibaya yakikutana na ukuta wa tofali. Kila chumba sasa kinadai chombo chake: taarabu kwa mama, Bongo Fleva kwa kijana. Zamani, adhana ikisikika, mkono mmoja ukumbini ulitosha kunyamazisha nyumba nzima. Siku hizi mwenye nyumba hulazimika kugonga milango.