Pakacha la Babu na Mfuko Usiooza

Babu yangu mzaa mama alikuwa mkwezi, huko Bweni, ng'ambo ya mto Pangani. Alipanda mnazi kwa kamba ya usumba miguuni, panga kiunoni, akaangua nazi zote zilizokomaa, na kabla ya kushuka akakata kuti moja bichi na kuliangusha. Hilo ndilo nililokuwa nikilingojea. Mwaka 1984 nilikuwa na miaka kumi, na kazi yangu shambani ilikuwa kukusanya nazi na kumtazama babu akisuka pakacha.

Alikata kipande cha kuti cha urefu wa mkono, akapasua uti wake katikati, akaviunganisha vipande viwili vikawa mdomo. Kisha akapishanisha majani, moja juu moja chini, hadi yakakutana chini, akayakaza fundo. Hakupima kitu wala hakutumia uzi. Kabla sijamaliza kunywa dafu alilonikatia, pakacha lilikuwa tayari, na nazi zinaingia.

Tulivuka mto kwa mtumbwi, tukapeleka nazi mjini, na pakacha likabaki huko huko kwa mnunuzi. Hakuna aliyelidai. Lilikaa jikoni siku mbili tatu na viazi au maembe ndani, likakauka, likatumika kuwashia moto au likatupwa kwenye shina la mgomba. Mvua za masika zilipokwisha hukuliona tena. Babu alipenda kusema, hasa mzigo ulipokuwa mzito na njia ndefu, kwamba kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Methali hiyo wengi wanaijua leo ambao pakacha lenyewe hawajaligusa.

Nimeanza na pakacha kwa sababu nasikia maisha ya kutunza mazingira yakizungumzwa kama elimu mpya iliyoshuka juzi na wafadhili. Kwetu pwani ni historia, na karibu yote ilipita mikononi mwa watu maskini.

Tazama nazi peke yake. Babu aliifua kwa kifuo, na makumbi hayakutupwa. Wanawake waliyafukia kwenye tope la pwani yakalowa kwa miezi kadhaa, wakayafukua, wakayaponda, wakapata usumba wa kusokotea kamba. Kifuu kilikuwa kuni, au kilitiwa mpini kikawa upawa wa kupakulia mchuzi au kata ya kutekea maji mtungini. Chicha ililiwa na kuku. Makuti yaliezeka paa na kuzungushia ua. Chelewa zilifungwa zikawa fagio la uani. Tui lenyewe lilichujwa kwa kifumbu kilichosukwa. Takataka ya nyumba yetu ilikuwa majivu, magamba ya samaki na maganda, na vyote vilikuwa na pa kwenda.

Sokoni ilikuwa vivyo hivyo. Samaki wadogo waliuzwa kwa mtungo: utepe wa ukuti ukapitishwa kwenye matamvua, ukafungwa, nawe ukaondoka nao ukining'inia mkononi. Ukienda kununua mafuta ya taa ulikwenda na chupa yako, na ukisahau chupa ulirudi kuifuata. Unga ulipimwa kwa kibaba ukamiminwa ndani ya chombo ulichokuja nacho. Karanga zilitiwa kwenye karatasi ya gazeti iliyosokotwa mfano wa pembe. Muuzaji alikuwa na bidhaa. Chombo kilikuwa juu yako.

Na chombo hicho, kama hakikuwa pakacha, kilikuwa kikapu cha bibi. Bibi alichana miyaa kwa ukucha na ncha ya kisu, akaianika, nyingine akaitia rangi, kisha jioni, mazungumzo yakiendelea, vidole vyake vilisuka ukili bila macho kuutazama. Ukili ulikua pima kwa pima, ukakunjwa mviringo, ukangoja siku ya kushonwa. Miyaa ilitoa vikapu, makanda na majamvi. Ukindu, ulio laini zaidi, ulitoa mikeka mizuri na misala ya kusalia. Kikapu kimoja kilitumika miaka. Mkono ukikatika ulishonwa. Kikichakaa kabisa kilibeba udongo au kilikuwa kiota cha kuku atagaye.

Ufundi huu ni mkongwe kuliko miji yetu ya mawe. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, kinachoeleza safari za wafanyabiashara katika Bahari ya Hindi na kiitwacho Periplus, kinataja kisiwa cha Menouthias katika pwani hii. Wanazuoni wanabishana kama ni Pemba, Unguja au Mafia. Lakini mwandishi anaeleza mashua za kushonwa, na watu wakitega kasa kwa mitego ya kusukwa iliyofungwa kwenye mikondo ya maji. Mvuvi wa dema wa leo asingewashangaa watu wale. Mitepe ya Lamu iliendelea kushonwa kwa kamba za usumba, bila msumari, hadi karne ya 20, na matanga yake yalikuwa majamvi. Bibi naye alisimulia jinsi tende zilivyokuja na majahazi ya kaskazi kutoka Omani na Ghuba, zimeshindiliwa ndani ya makanda ya majani ya mtende. Tende zikiisha, kanda lilipata kazi nyingine. Kwa karne nyingi biashara ya bahari hii ilisafiri ndani ya majani.

Kisha ukaja mfuko. Polithini iligunduliwa kwa bahati mwaka 1933 katika kiwanda cha kemikali huko Northwich, Uingereza. Mfuko mwepesi wa kubebea, ule wenye mikono iliyotoka kwenye kipande kile kile cha plastiki, ulibuniwa na Mswidi, Sten Gustaf Thulin, na hati yake ya ubunifu ilitolewa Marekani mwaka 1965. Kwetu ulifika kwa wingi baadaye, uhaba wa bidhaa ulipopungua na milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, wakati Rais Ali Hassan Mwinyi akiitwa Mzee Ruksa. Wa kwanza kuingia nyumbani kwetu ulikuwa na picha ya Rambo, yule mpiganaji wa sinema, na jina likabaki: mfuko wa rambo. Mama aliufua, akauanika kambani, akaukunja na kuuweka chini ya godoro. Ulikuwa mali.

Miaka kumi baadaye hakuna aliyeufua. Mwenye duka aliutoa bure, hata kwa kiberiti kimoja, na kitu cha bure hakina mwenye kukionea uchungu. Hapo ndipo mambo mawili yalipoharibika kwa pamoja. Kwanza, mkono wa mnunuzi ulianza kwenda sokoni mtupu. Pili, bibi alikosa wateja. Kikapu kilichomchukua siku kadhaa kilishindana na kitu kisicho na bei, na binti zake wakaona hakuna haja ya kujifunza kuchana miyaa. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Tuliuacha.

Mwaka 1998 tulichinja mbuzi wa hitima ya babu. Aliyempasua aliniita nije kuona. Tumboni mlikuwa na donge la nailoni, nyeusi na buluu, limesokotana gumu kama mpira wa makaratasi tuliouchezea utotoni. Yule mbuzi alikonda siku nyingi na sisi tulidhani ni maradhi. Nilisimama pale nikikumbuka mapakacha yote ambayo babu aliyatupa maishani mwake. Mbuzi wetu waliyala pia. Waliyala wakanenepa.

Tangu siku ile nimeshika neno moja, na ndilo ninalolileta kwa msomaji. Wazee wetu walitupa vitu, tena kila siku. Pakacha lilisukwa ili litupwe. Lakini walitupa kinachooza, na kisichooza walikitunza hadi mwisho wa uwezo wake. Sisi tumegeuza: tunatengeneza kitu cha kudumu miaka mingi sana ili kitumike kutoka sokoni hadi mlangoni.

Serikali zimeliona hilo. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda ikatunga sheria mwaka 2008, na Kenya ikaanza katazo lake tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu inayoweza kufika shilingi za Kenya milioni 4 au kifungo cha miaka minne. Tanzania Bara, baada ya Waziri Mkuu Kassim Majaliwa kutangaza bungeni mwezi Aprili, ilianza tarehe 1 Juni 2019, na anayekutwa na mfuko akaandikiwa faini ya shilingi 30,000. Mitaro ya mtaani kwetu ilipumua. Hilo nalisema kwa shukrani.

Lakini sheria huondoa mfuko. Mkono mtupu inauacha pale pale. Mifuko mbadala inayouzwa sokoni, ile inayofanana na kitambaa, mingi ni plastiki iliyotengenezwa kwa namna nyingine, na vifungashio laini vya kutilia karanga vimegeuzwa vibebeo vya nyanya. Bado tunatoka nyumbani bila kitu, tukitegemea muuzaji atatupa cha kubebea.

Basi naomba mambo machache, na yote yanawezekana kesho asubuhi. Tundika kikapu mlangoni, mahali utakapokiona unapovaa viatu. Nenda buchani na bakuli lenye mfuniko, na dukani na chupa yako ya mafuta. Ukila nazi, chicha ipe kuku, kumbi liweke chini ya mgomba. Ukinunua kikapu cha miyaa usipunguze bei mpaka umuumize msusi. Siku alizokaa chini akisuka ni sehemu ya kikapu hicho. Na kama kwenu bado kuna mzee anayejua kusuka pakacha, mpeleke mtoto akaketi naye. Mimi nilijifunza kwa kutazama tu, na mwezi uliopita nilimsukia mjukuu wangu la kwanza. Lilikaa upande na lilivuja kidogo, lakini tulirudi nalo nyumbani na maembe kumi na mawili.